Swali Lililoulizwa Mbele ya Mkwe

Yotham hakuwa mtu wa kulazwa hospitali. Kijiji kizima cha Mvumi kilimjua kwa mkasi wake wa kupogolea mizabibu, na kwa ubishi. Ukimwita aje kupogoa shamba lako, alilizunguka kwanza lote bila kusema neno, kisha akakueleza jinsi ulivyoliharibu mwaka jana. Watu walimvumilia kwa sababu mizabibu aliyoipogoa yeye ilizaa. Wengine hukata matawi kama wanaotafuta kuni. Yotham alilishika tawi, akaligeuza, akayapapasa macho ya tawi, pale panapochipua, kwa kidole gumba, ndipo akakata. Kwa siku nzima alimaliza mistari minne tu, na mwenye shamba akinung'unika, alimwambia atafute mwingine.

Mambo yalianza kwenda mrama mwaka wa tisini na mbili. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu ruksa: mitumba ruksa, redio za kigeni ruksa, na kwenye maduka ya mjini chupa za mvinyo wa nje zikaanza kuonekana. Mnunuzi aliyekuwa akichukua zabibu za kijiji akasuasua, kisha akaacha kabisa kutuma lori. Wakulima walivuna, wakapanga kreti kando ya barabara, wakazifunika turubai, wakakaa kungoja. Siku ya tatu walikuja nyuki. Siku ya tano hapakuwa tena na cha kungoja. Kreti za Yotham na mkewe Paulina zilikuwa pale pale kwenye foleni. Na mwaka huo huo Paulina akajifungua mtoto mfu. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na huyo ndiye alikuwa wa kwanza.

Kwanza Yotham aliacha kubishana. Hapo ndipo watu wangepaswa kushtuka, lakini wao walishukuru. Kisha akaacha kula, akaacha kuoga, akawa anakaa upenuni tangu jua linachomoza mpaka linapozama, macho chini. Paulina alimletea uji, ukapoa. Alimletea maji ya kuoga, yakapoa nayo. Asubuhi moja jirani yake Methusela alimkuta bandani, kamba mkononi. Akamnyang'anya ile kamba, akamwangusha, akamkalia kifuani huku akipiga yowe mpaka watu wakaja.

Siku ile Paulina alikuwa kitandani kwa homa. Ndugu za Yotham walikuwa wametawanyika, wengine Kilosa, wengine hata hawajulikani walipo. Basi Methusela akampeleka mjini kwa lori la mkaa. Pale kwenye kliniki ya magonjwa ya akili wakataka mtu wa familia wa kumwandikisha mgonjwa, na aliyepatikana ni mmoja tu: Dorothea, mama yake Paulina, mjane aliyekaa Ipagala, pembezoni mwa mji, kwa mwanawe Marko. Aliitwa, akaja mbio, akatia dole gumba kwenye karatasi. Hakufikiri mara mbili. Mtu anakufa, unauliza mila?

Lakini mila zilikuwepo. Kwa Wagogo wa rika lao, mama mkwe si mtu wa kukaa naye. Humtazami usoni, huli mbele yake, ukimwona njiani unampisha, na mambo ya chumbani hayatajwi mahali alipo hata kwa mafumbo, kwa sababu chumba hicho ni cha binti yake. Kliniki nayo ilikuwa na mila yake: aliyemwandikisha mgonjwa ndiye anayekuja naye kila mwezi, ndiye anayeulizwa habari zake, ndiye anayekabidhiwa dawa. Mtu aliyekutwa na kamba hapewi vidonge mkononi. Kila mila kwa upande wake ilikuwa na akili. Zilipokutana juu ya benchi moja ndipo balaa lilipoanza.

Ungewaona ungecheka. Dorothea hukaa ncha moja ya benchi, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekeza ukutani. Yotham hukaa ncha ya pili akitazama dirishani. Katikati yao wangeenea watu wanne. Mama akitaka kumwambia kitu, anauambia ukuta: "Huyu mtu aulizwe kama amekunywa uji." Na Yotham analiambia dirisha kwamba amekunywa. Hata hivyo bibi yule hakukosa hata mwezi mmoja. Alitoka Ipagala kwa miguu kabla jua halijawa kali, na mara nyingi yeye ndiye aliyefika wa kwanza.

Vidonge vilifanya kazi, na hilo lazima lisemwe, maana wapo watakaosikia habari hii wakavitupa vyao chooni. Yotham alilazwa majuma sita. Juma la nne aliamka akasikia harufu ya maharage jikoni, akajua ana njaa. Siku chache baadaye alimwambia mgonjwa mwenzake kuwa anafagia vibaya. Aliporuhusiwa kurudi Mvumi, vidonge vitatu kila jioni, alikwenda moja kwa moja shambani, akauona mzabibu uliopogolewa na Methusela, akamtukana. Methusela alifurahi karibu kulia.

Mdomo ulikuwa unamkauka mchana kutwa, akawa anatembea na chupa ya maji na ubuyu wa kumung'unya. Choo kilikuwa kigumu. Hayo aliyavumilia. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimkalia vibaya tangu juma la kwanza alipolala tena na mkewe.

Hamu haikuwapo. Hakuwa amechoka, wala hakuwa na chuki. Alimtazama Paulina akijipaka mafuta miguuni, mwanamke yule yule ambaye yeye Yotham alimfuata kwa baiskeli mpaka Makang'wa enzi za uchumba, na alimwona mzuri, lakini hakuna kilichotikisika mwilini. Mara nyingine alijilazimisha na mwili ukakataa kusimama. Mara chache uliposimama, alihangaika mpaka jasho likamtoka na mwisho wake haukufika, akajiviringisha upande wa pili akijifanya amesinzia. Paulina alikuwa anataka mtoto. Hakulificha hilo. Nguo ndogo za yule mtoto aliyekufa alikuwa amezifua, akazikunja, akaziweka juu ya kabati, tayari kwa mwingine.

Yotham alidhani ni mabaki ya ugonjwa. Akatafuta mkuyati, dawa ya nguvu za kiume, akachemsha, akanywa mpaka tumbo likamsokota. Hakuna kitu. Akaenda kwa mzee mmoja wa Handali, akapewa unga wa kulamba. Hakuna kitu. Jawabu lilikuja lenyewe, wakati wa mvua. Barabara ilikatika, lori halikupita, na vidonge vikaisha nyumbani siku kumi na moja kabla ya kupata vingine. Siku ya sita Yotham aliamka na kukuta mwili wake umeamka kabla yake. Alikaa na mkewe kitandani asubuhi nzima, mvua ikipiga bati, na Paulina akacheka jinsi alivyokuwa hajacheka tangu mazishi. Siku ya tisa Yotham hakula. Siku ya kumi na moja alijikuta amesimama mlangoni mwa banda, hajui amefikaje pale.

Barabara ilipofunguka alikwenda mjini, akapewa vidonge, akavimeza. Giza likaondoka. Na ule mwili nao ukaondoka.

Sasa alijua. Kilichomwokoa ndicho kilichokuwa kinamnyima mkewe, na aliyeweza kulipatia jambo hilo ufumbuzi alikuwa daktari peke yake. Unaweza kusema basi amwambie daktari, kazi imekwisha. Ndivyo hata mimi ningesema, kwa kuwa sikukaa kwenye benchi lile.

Daktari aliitwa Batholomeo, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye foleni inayofika mpaka nje getini. Hakujua habari za wakwe wa Kigogo, na kule kwao nadhani wana zao. Kila mwezi aliuliza yale yale.

"Shikamoo mama. Mgonjwa wetu anakula?"

"Marahaba. Anakula."

"Analala?"

"Nasikia analala."

"Kazi anafanya?"

"Nasikia anapogoa. Nasikia anagombana na watu."

"Hiyo ni dalili nzuri?"

"Nzuri sana, daktari," alisema Dorothea, akiuambia ukuta. "Ndiye yeye mwenyewe."

Kisha daktari alimgeukia Yotham. "Kaka, dawa zinakusumbua popote?"

"Mdomo unakauka."

"Kunywa maji. Na kingine? Nyumbani je, na mama watoto?"

Swali lilikuwa hilo hapo, limeletwa mezani, limefunuliwa. Siku ile Yotham alikuwa amepanga maneno tangu Mvumi, maneno machache tu, na njiani aliyarudia akiwa juu ya magunia ya lori la mkaa. Alifungua mdomo. Akaiona kwa pembeni ile kanga ya Dorothea, na mikono yake miwili imetulia mapajani, mikono iliyomlea Paulina.

"Salama," alisema. "Kingine hakuna."

Daktari akaandika. Dorothea akapokea bahasha ya dawa, kama kliniki ilivyotaka, akaiweka benchini katikati yao ili Yotham aichukue bila mikono yao kukaribiana.

Usidhani hakujaribu njia nyingine. Mwezi mmoja aliwahi alfajiri, akamwomba muuguzi amwone daktari peke yake. Muuguzi akamwambia angoje msindikizaji wake, na kama ana neno aliseme hapo hapo dirishani. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu thelathini. Kuandika hakujua zaidi ya jina lake. Kumtuma mtu mwingine aliona ni kujitangaza sokoni.

Na mkewe? Kwa nini hakumwambia mkewe? Nimeliuliza hilo kwa hasira mara nyingi, na jibu lake linanivunja nguvu. Alijua kwamba akimwambia Paulina ni vidonge, Paulina atasema, basi viache. Na alijua kwamba akiambiwa hivyo na Paulina, ataviacha. Aliogopa ule mlango wa banda. Akanyamaza ili apate kuishi.

Paulina hakuwa mwanamke wa makelele. Alingoja mwaka, akangoja na nusu ya mwaka wa pili. Alijaribu kupika anavyovipenda. Alijaribu kununa. Alifuatilia kama kuna mwanamke mwingine, akakuta hakuna, na hilo likamuumiza zaidi, maana mwanamke mwingine angalau angekuwa sababu. Jioni moja, wakiwa wanachambua mtama, alimwuliza bila kuinua uso.

"Yotham, uliponiona nimemshika yule mtoto, ndipo uliponichoka?"

"Siyo hivyo."

"Basi ni vipi?"

Yotham aliendelea kuchambua. Paulina alingoja mpaka ungo ukaisha, kisha akainuka, akaenda kuzitoa zile nguo ndogo juu ya kabati, akazifunga kwenye kitambaa. Yotham alimwona anafunga.

Kaka yake Paulina, Marko, alikuja na mjomba wao, wakakaa barazani na wazee wawili wa kijiji. Mjomba aliuliza kwa adabu. Binti yao anasema mumewe hamtaki. Je, binti ana kosa? Ni mvivu? Ni mchafu? Ana mdomo? Wote walimtazama Yotham, na wote kwa namna moja au nyingine walikuwa wakwe.

"Paulina hana kosa lolote," alisema.

Hakuna aliyetegemea jibu hilo. Mtu anayemwacha mke asiye na kosa anamtukana yeye na ukoo wake, na Marko alisimama hapo hapo. Mjomba akamkalisha. Kikao hakikuwa kirefu tena. Paulina alitoka ndani na mzigo wake kichwani, akamwambia Yotham maji ya kuoga yako mekoni, akaondoka na nduguze. Msimu uliofuata ng'ombe wa mahari walirudishwa. Kabla mwaka haujaisha aliolewa Bahi, na mkulima wa mpunga aliyefiwa na mke.

Ng'ombe waliporudi, Dorothea naye akawa si mtu wa familia tena. Kliniki ikataka msindikizaji mpya. Yotham alimwomba Methusela, na kwa kuwa sasa hakuwa na cha kupoteza, alimweleza yote, wakiwa shambani, kila mmoja upande wake wa mstari wa mizabibu.

Methusela aliacha kukata. "Miaka miwili umekaa na hili?"

"Karibu miwili."

"Mficha uchi hazai, Yotham," alisema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesoma hukumu ambayo hakuiandika yeye.

Walipoingia kwa daktari, Yotham bado alikuwa anakohoa kutafuta pa kuanzia. Methusela hakumngoja. "Daktari, kabla hujaandika, jogoo wa huyu bwana hapandi mtungi tangu mlipomwanzishia vidonge. Mke ameshaondoka. Tunaomba msaada."

Batholomeo aliweka kalamu chini. Akamtazama Yotham. "Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Dawa hizi huwafanya hivyo watu wengi. Hamu inapungua, nguvu zinapungua, kumaliza kunakuwa taabu. Siyo wewe peke yako. Wengine tunawapunguzia kidogo kidogo, wengine tunawabadilishia. Kuacha ghafla hapana, hilo ni hatari. Kila mwezi nilikuuliza."

"Nilikuwa nimekaa na mkwe."

Daktari hakuelewa, akamtazama Methusela. Methusela akamweleza maana ya mama mkwe, kifupi, jinsi mtu anavyomweleza mgeni njia ya kisimani. Kijana yule wa Bukoba alisikiliza mpaka mwisho, akaivuta kadi ya mgonjwa, akaandika vidonge viwili badala ya vitatu. Aliandika polepole sana kwa maneno machache kiasi kile.

Wakapunguza, wakangoja, wakapunguza tena nusu. Kila asubuhi Yotham alijisikiliza kwanza kabla ya kufungua macho, kama lile giza limo. Halikuwamo. Alikula, alifanya kazi, aligombana na wenye mashamba. Mwezi wa nne tangu waanze kupunguza, jua likiwa linaingia kupitia ufa wa dirisha, mwili wake uliamka wenyewe, mzima kabisa, kama wa kijana. Alilala chali akiutazama upande wa pili wa kitanda. Halafu alilia, na sitamwonea aibu kwa kusema hivyo. Alipomaliza alinawa uso, akachukua mkasi, akaenda kazini.

Mwezi wa tano mwaka wa tisini na sita alikwenda mjini kuchukua dawa, na kwa sababu kule kliniki walikuwa wanamwamini sasa, alikwenda peke yake. Akipita stendi alimwona Dorothea amekaa juu ya gunia la unga, kuku wawili miguuni, anangoja basi la Bahi. Yotham akafanya kama alivyozoea: akainamisha macho, akaacha njia ili ampishe.

"Yotham."

Hakuwahi kusikia jina lake katika kinywa kile. Akasimama.

"Usinipishe," alisema Dorothea. "Mimi si mkwe wako. Njoo tusalimiane."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Nafurahi."

Alikuwa ameishusha kanga mabegani. Yotham alikuwa amemjua mama huyu miaka saba na ndiyo kwanza anamwona uso. Jicho lake la kushoto lilikuwa na doa jeupe, na alikuwa na mwanya, sawasawa na wa Paulina.

"Paulina hajambo?" aliuliza.

"Amejifungua juzi. Wa kike. Nawapelekea unga wa uji." Dorothea aliwasogeza wale kuku kwa mguu. "Nataka nikuulize jambo, sasa ninapoweza kukuuliza. Mwanangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama. Vilikuwa vidonge."

Akamweleza. Alimweleza yote, mchana kweupe, wapagazi wakipita na magunia kati yao: hamu iliyokatika, mwili uliokataa, zile siku kumi na moja za mvua, ule mlango wa banda. Maneno yalitoka bila shida hata kidogo, mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Dorothea alisikiliza bila kugeuza uso.

"Na daktari angeweza kupunguza?"

"Amepunguza. Nimepona."

"Si alikuwa anakuuliza? Nilikuwa namsikia. Kila mwezi alikuwa anakuuliza."

"Ulikuwa umekaa pale, mama."

Kondakta alikuwa anaita watu wa Bahi, na dereva amekwisha kuwasha injini. Mama alikamata miguu ya kuku, akainuka kwa kuegemea gunia, akasimama mbele ya Yotham, macho yakiwa bado usoni mwake.

"Mimi nilikuwa nakaa pale ili usife," alisema. "Ungesema una neno la faragha, ningetoka nje."

Yotham alimpakilia gunia.

"Ningetoka tu nje," alisema Dorothea, akapanda basi.